Kibuyu cha Mkamwana

Kapseret, karibu na Eldoret
Jumapili, 12 Machi 1944

Mume wangu Kipyego,

Amani ya Bwana ikufikie huko uliko, mahali ambapo wakubwa wako hawataki tupajue. Sisi tu wazima na ng'ombe ni wazima. Mvua bado. Kaburu mwenye shamba ameshanoa majembe yake yote, na kila asubuhi anasimama uani akitazama juu kana kwamba Mungu amechelewa kazini.

Barua hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya Mama. Leo nilipotoka kwenye ibada aliniita, akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Chukua kalamu, nataka kuongea na mtoto yangu." Tangu mwalimu ahame, hapa kwenye nyumba za maskwota wa kaburu hakuna mwingine anayejua kuandika ila mimi. Akaniambia niandike yote, nisitie chumvi wala nisipunguze. Basi naandika alivyosema, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Kipyego, mimi mama yako niko salama. Mguu inauma kidogo, lakini ni ile maumivu ya zamani. Sasa sikiliza. Hii bibi yako ya kanisa, Selpha, mimi sina vita na yeye. Anaamka mapema. Anachota maji. Lakini maziwa yake hainyweki. Tangu uende vita hajanipa kibuyu hata moja ya mursik, maziwa iliyolala vizuri, ambayo mtu anaweza kunywa. Jana nilimwagia mbwa. Mbwa ilinusa, ikaenda zake. Wageni wakija mimi naona haya, nawapa chai ya duka kama mtu hana ng'ombe. Wewe ulisema atajifunza. Hajifunzi. Ukimwambia kitu anakaa kimya kama jiwe ya mto. Mimi nasema arudi kwa baba yake huko mjini mpaka wewe urudi. Na ukirudi, kuna Jeruto, msichana ya Kimutai, anajua maziwa tangu mdogo. Tuma neno. Bila neno yako siwezi kutoa mtu ya nyumba yako. Ni mimi, Tapkigen."

Hayo ni ya Mama. Sasa yangu.

Nilipofika kwenye habari ya mbwa kalamu ilitaka kuniponyoka. Lakini Baba alitulea hivyo: ndiyo ni ndiyo, na siyo ni siyo. Mtu akikupa maneno yake uyabebe, huyapunguzi njiani. Nimeyabeba.

Wewe unanijua. Baba husema ulimi wangu ulizaliwa siku moja kabla yangu. Katika kanisa letu la Marafiki tunaabudu kwa kunyamaza, na huko mimi hukaa kimya kama wenzangu, lakini moyoni natoa hotuba ndefu kuliko ya mhubiri yeyote. Ndiyo maana nilipokuja kwa mama yako niliomba kitu kimoja tu, uvumilivu. Nadhani Mungu alicheka, kisha akanipa nafasi ya kuutumia kila siku.

Nimejaribu, Kipyego. Nasugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kama ninavyomwona yeye akifanya. Nachemsha maziwa, napoza, najaza, naweka pembeni. Kisha nakitunza kama mtoto mgonjwa. Asubuhi nafungua niangalie, jioni naonja, ili nisije nikampa Mama kitu kibaya. Na bado ananusa, anakunja uso, anamwaga kwenye ua. Hasemi kosa ni nini. Nafikiri kosa ni kwamba nimetoka Maragoli, si Mnandi kama ninyi.

Lakini nimeamua. Akisema, sitajibu. Akimwaga, nitajaza tena. Aone nani atachoka kwanza.

Mkeo,
Selpha Musimbi


Jeshini, ng'ambo
20 Mei 1944

Kwa Selpha,

Barua yako imenifikia imelowa, kama kila kitu cha huku. Mvua ya nchi hii haina adabu. Tunalala ndani ya maji, tunaamka ndani ya maji, na lori langu limezama kwenye matope mpaka milangoni. Bado niko hai. Mshukuru Mungu pamoja nami.

Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sasa nitasema wazi maana sina nguvu ya kuzungukazunguka.

Sehemu ile ya kwanza si ya mama yangu. Mama yangu namjua. Siku nilipoondoka alikushika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ni mtoto yangu sasa." Ni mwanamke mkali, lakini hageuki. Tena hakuna mtu duniani anayeshika kalamu akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mbwa ameyakataa maziwa yake. Nani anajichoma moto mwenyewe? Nyongesa, tunayelala naye hema moja, alicheka nilipomsomea. Aliniambia wake wengi wanafanya hivyo: wanamtia mama mkwe maneno mdomoni, mume akasirike, aseme "rudi kwenu," nao wanarudi kwao kwa heshima. Nilimkatalia. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Maana nakumbuka ulivyolia ukitaka kubaki mjini kwa baba yako, Mzee Murunga, karibu na karakana yake na kanisa lenu. Mimi ndiye niliyekulazimisha uje Kapseret.

Selpha, kama unataka kurudi kwa baba yako, sema kwa mdomo wako mwenyewe. Nenda. Sitakufunga kamba. Lakini usitumie jina la mama yangu kwa uongo. Ulinifundisha wewe mwenyewe kwamba Mkristo hasemi uongo.

Msomee Mama barua hii yote. Asikie, ajue mimi simdhanii mabaya.

Nisalimie ng'ombe.

Stephen Kipyego


Kapseret
Jumamosi, 8 Julai 1944

Kipyego,

Nilimsomea Mama. Yote. Uliniambia nimsomee yote, nikamsomea yote.

Alikuwa anakwangua kibuyu. Nilipofika mahali pa Nyongesa mkono wake ulisimama. Nilipofika kwenye neno uongo nililisoma, nikaendelea mpaka "nisalimie ng'ombe" na jina lako. Mama akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Kisha nikakunja karatasi, nikaenda kukamua.

Nililia kwa ng'ombe. Yule mwekundu mwenye pembe moja alinigeukia akanitazama, nikalia zaidi. Halafu nikakasirika, na hasira ile bado ninayo hivi ninavyoandika, sitakuficha.

Umeniita mwongo. Hebu nikuulize. Ningekuwa mwongo, si ningeandika kwamba Mama anausifu mursik wangu mpaka majirani wanakuja kuomba? Nani angenishika? Mama hajui kusoma, nawe uko ng'ambo ya bahari. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyekuwa akinitazama. Niliandika kweli kwa sababu ilikuwa kweli, nayo imenirudia kama jembe lililoteleza likanikata mguu.

Uliuliza kama nataka kurudi kwa Baba. Nilitaka. Mwezi wa kwanza nilitaka kila siku. Hata mwezi wa pili. Sasa umesema "nenda", mlango uko wazi, na mimi nakwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kama ulivyodai: sitoki. Sikukuahidi kukungoja mahali ninapopendwa. Nilikuahidi mbele ya kanisa kwamba nitakungoja, basi.

Nimekuwa nikifikiria maneno ya Yakobo juu ya mkulima anayengojea mvua. Kaburu wetu aliingojea huku akitukana watu. Maskwota waliingojea huku wakitengeneza kamba za ng'ombe. Wote walingoja, na mvua ile ile iliwanyeshea. Mimi nataka kuwa wa kutengeneza kamba.

Sasa nikwambie jambo la leo, ulijue kabla hujasikia kwa mwingine. Asubuhi Mama ameamka kabla yangu, amevaa shuka lake la kwendea mjini, amechukua fimbo, ameondoka na ule mguu wake. Hakuniaga. Nilimwita, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Sisibo," basi. Unajua bado hataki kuuita mji Eldoret.

Najua anakokwenda. Anakwenda kwa Baba, kumwambia aje anichukue. Umempa ruhusa kwa maandishi na mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea. Basi Baba akija atanikuta ninakamua. Nitampa kigoda akae, nitampikia, na jioni nitamsindikiza mpaka barabarani arudi peke yake. Vibuyu vyote nimeviosha. Viwili nimevijaza.

Sijui kama utaisoma barua hii au utaitupa. Iwe ndiyo, iwe siyo, mimi niko hapa.

Selpha


Eldoret, barazani mbele ya duka
8 Julai 1944

Kipyego,

Mimi Tapkigen. Niko Sisibo, mbele ya duka ya Muhindi, na anayeandika ni Wasike, fundi ya kushona nguo. Yeye hanijui na mimi simjui. Kwa hivyo hawezi kupendelea mtu. Nimemwambia aandike vile nasema, hata kama ni mbaya.

Yale maneno ilikuwa yangu. Yote. Ile ya kurudi kwa baba yake ni yangu. Ile ya Jeruto ni yangu. Ile ya mbwa pia ni yangu, na mbwa ni yako, ile ya rangi ya majivu. Ilitoka kwa mdomo yangu ikaenda kwa mkono ya bibi yako, na haikupotea hata moja njiani. Halafu wewe unamwita mwongo. Ulinyonya maziwa yangu, sasa unafikiri mimi siwezi kusema maneno makali? Nani amekudanganya?

Alipokuwa anasoma mimi nilimwangalia uso. Nilisema, sasa ataruka hayo maneno. Mimi ningeruka. Hakuruka. Nikamwambia soma tena, nione. Akasoma tena, sawasawa. Halafu akaenda kukamua.

Nimelala na hiyo jambo kifuani. Mtu akiandika ubaya yake kwa mkono yake mwenyewe, na akisoma matusi yake kwa sauti mbele ya mama mkwe, na asigeuze kitu, hiyo si mtu ya kutupa.

Lakini maziwa yake bado ni mbaya. Hiyo pia ni kweli, uandike, Wasike.

Na kosa yake mimi naijua. Kibuyu ya mursik ukishafunga, unaacha. Unaacha peke yake, inajua kazi yake. Yeye anafungua asubuhi, anafungua jioni, anaweka kidole, anaonja, anafunga tena. Maziwa haipati kupumzika. Mimi naona kila siku. Nashangaa, mtu ambaye anaweza kufunga mdomo namna hiyo, kufunga kibuyu inamshinda nini?

Utauliza kwa nini simwambii. Wewe umesahau kwenu? Mwanamke ameolewa, ana nyumba yake, huwezi kwenda kumfundisha maziwa kama mtoto. Ukimfundisha kabla hajauliza, umemwambia yeye ni mjinga. Unangoja aulize. Mimi nangoja aulize. Yeye haulizi. Anavumilia. Nikikunja uso, anavumilia. Nikimwaga, anavumilia. Ananivumilia kama mtu ameingia mwiba kwa mguu na anatembea tu. Mimi si mwiba. Mimi ni mama yake, nilisema hivyo mbele ya watu.

Basi ile neno ya kurudi kwa baba yake naitoa. Hapana mtu wa kutoka. Nilikuwa na haraka. Nilitaka mkamwana amekwisha iva tayari, kama ya kununua.

Na wewe umwombe msamaha. Mimi nitajua kama hujaandika, kwa sababu yeye atanisomea, na yeye haruki kitu.

Tapkigen

Nami Wasike naongeza kwa ruhusa yake: ndugu, huyu mama amekuja kwa miguu kutoka Kapseret na anachechemea. Watu watatu waliokuwa wakingoja suruali zao wameacha kuniharakisha, wanasikiliza. Wote wanasema umekosa.


Jeshini, ng'ambo
30 Septemba 1944

Kwa Selpha Musimbi, Kapseret. Kama hayuko Kapseret, Mzee Murunga, tafadhali umfikishie popote alipo.

Mke wangu,

Nimepata barua ya Mama kwa mkono wa fundi Wasike. Kutoka kwako sijapata kitu. Labda imepotea, labda hukuandika. Nilikwambia nenda, na tangu nilipoisoma ya Mama sijui kama ulikwenda. Nikifunga macho naona mlango wa nyumba yetu, lakini sijui kama kuna mtu ndani.

Nimekosa. Naandika neno hilo wazi ulisome kwa sauti, Mama alisikie. Nilikuita mwongo kwa sababu sikuweza kuamini kwamba mtu anaweza kusema kweli inayomwumiza mwenyewe. Huku vitani tunadanganyana mchana kutwa ili tupate usingizi. Tunasema mvua itakwisha kesho, tunasema meli ya kuturudisha imeshatoka bandarini. Nilisahau kwamba kuna watu wasiofanya hivyo, na mmoja wao nimemwoa.

Nyongesa anaomba radhi pia. Alikuwa na homa wiki nzima, na alipopata nafuu neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule mke wako umeshamwandikia?" Nilimwambia natafuta maneno. Akasema, "Tafuta haraka."

Sasa nataka ujue Mama alichoandika juu ya maziwa. Anasema unakifungua kibuyu mno. Asubuhi na jioni unakifungua na kuonja, na maziwa hayapati kutulia. Anasema alikuwa akingoja umwulize, kwa maana kwetu mwanamke mwenye nyumba yake hafundishwi kabla hajauliza. Hilo nilipaswa kukwambia mimi kabla sijaondoka. Mimi ni Mnandi, nilikua nikiliona, na kwa kuwa nililiona kila siku sikudhani kuna mtu asiyelijua. Nawe uliona kunyamaza ni ibada, kwa sababu kwenu kunyamaza ni ibada. Mmekaa nyumba moja, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa njia ambayo mwenzake haioni.

Kama uko hapo, niandikie neno moja tu: nipo. Hata usiposema umenisamehe. Hilo nitalingojea.

Mumeo aliyekosa,
Kipyego


Kapseret
17 Desemba 1944

Kipyego,

Nipo.

Ulitaka neno moja, lakini unajua mimi na neno moja.

Baba hakuja. Mama alirudi ile jioni ya Julai, mguu umevimba, hakusema alikotoka. Nilimkanda kwa maji ya moto, naye akakaa akitazama ukuta. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimngojea Baba atokee barabarani, huku Mama akingojea barua yako. Sasa najua.

Nilimsomea. Nilipofika kwenye "nimekosa" aliinua kidevu kidogo, kama mtu aliyesikia ng'ombe wake akijibu anapoitwa. Kisha nikafika kwenye habari za kibuyu. Nilijisomea kwa sauti yangu mwenyewe jinsi ninavyotia kidole asubuhi na jioni. Nilitamani ardhi inimeze. Sikuruka. Mama naye alikuwa akitazama ng'ombe nje kana kwamba hajawahi kuona ng'ombe.

Nikaweka barua chini. Hasira ilinipanda kwanza, nisikufiche. Nilitaka kusema, "Mama, vibuyu vyote vile umemwaga, na dawa yake ilikuwa sentensi moja?" Nilifungua mdomo niseme hivyo. Kilichotoka ni kingine. Nilisema, "Mama, mimi sijui maziwa. Nifundishe."

Aligeuka kutoka kwa ng'ombe. Akasema, "Kaa chini." Kisha akasema, "Umechelewa, lakini kaa chini."

Tulikaa mpaka jua likashuka. Alinionyesha jinsi ya kuchoma kijiti cha senetwet mpaka ncha iwe nyekundu, jinsi ya kukisugua ndani polepole mpaka kibuyu kitoe harufu yake, jinsi ya kukipangusa majivu yaliyozidi. Aliushika mkono wangu kama mwalimu anavyomshika mtoto wa darasa la kwanza. Tulipojaza na kufunga akakiweka pembeni, akaniambia, "Sasa hapo ndipo kazi inaanza. Usiguse."

Kipyego, sijapata kufanya kitu kigumu kama hicho. Mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe. Nilipita mbele ya kile kibuyu kama mlevi anayepita mbele ya kilabu cha pombe. Nilifikiri nimekuwa mvumilivu kwa sababu nilimnyamazia Mama. Kumbe nilikuwa nikimhesabia makosa kimya kimya, na nikikipekua kibuyu kila siku kwa hofu. Sikumwamini Mama, sikuyaamini maziwa, na sijui kama Mungu mwenyewe nilimwamini. Huo haukuwa uvumilivu, ulikuwa kiburi kilichofumba mdomo. Sasa najifunza upya, na naanza na maziwa.

Tulipokifungua Mama alimimina kidogo, akaonja. Akaonja tena. Akasema, "Mbwa leo atalala njaa."

Nimekusamehe. Ilichukua siku kadhaa, sitakudanganya. Mwambie Nyongesa naye nimemsamehe, ila akipita Eldoret aje aombe tena mbele yangu.

Mkeo,
Selpha


Kambini, Nairobi
25 Novemba 1945

Selpha, Mama,

Vita vimekwisha, na mimi nimeteremka melini Mombasa kwa miguu yangu miwili. Sasa tuko kambini tukingojea karatasi za kutuachilia. Wanasema ni siku chache. Nyongesa ameshika njia ya kwao jana.

Mama, weka kibuyu. Nimenywa chai ya jeshi mpaka nimesahau nilikotoka. Nataka niingie mlangoni nipewe mursik kama mtu aliyerudi nyumbani.

Kipyego


Kapseret
6 Januari 1946

"Kipyego, mimi mama yako. Ulisema siku chache. Siku chache gani hii? Sikukuu imepita, mwaka umepita, na wewe bado unangoja karatasi.

Sikiliza, nina mashitaka. Ile kibuyu ya kukupokea, mimi ndiyo ningeweka, kwa sababu mtoto akitoka vita mama yake ndiye anaweka. Lakini mkono yangu siku hizi inatetemeka, nikamwambia Selpha aweke yeye. Aliweka vizuri. Alifunga. Basi juzi nikafikiri, siku imekuwa mingi, labda imeharibika, labda tutaona haya mbele ya watu. Nikasema nifungue kidogo tu, nionje na kidole, nifunge. Kidogo tu! Nikainuka. Bibi yako akasimama mbele ya kibuyu kama askari ya benki. Akaniambia, 'Mama, tungoje.' Mimi! Mimi ndiye nilimfundisha! Nikamwambia kibuyu ni ya nyumba yangu. Akasema ni kweli, Mama, lakini tungoje. Jana nikajaribu tena akiwa kisimani. Alikuwa amehamisha.

Huyu mtu uliyeniletea ni mgumu sana. Simwezi. Njoo haraka umwambie akae kando. Na usinitumie neno ya kumrudisha kwa baba yake, kwa sababu sitakubali, na Jeruto ameolewa Moiben zamani. Ni mimi, Tapkigen."

Ni kweli yote. Sikutia chumvi wala sikupunguza.

Hatujakifungua. Njoo.

Selpha